Kuonja mvinyo usio na jina kubwa: mwongozo kamili kwa watu sita, chupa nne na jioni moja Kisumu

Bei ya mvinyo hufuata jina kabla ya kufuata ladha. Anayenunua Champagne, au chupa yenye sifa ya Bordeaux, Ufaransa, analipia pia ardhi ghali, karne za umaarufu na foleni ya matajiri wanaoitafuta. Mkulima wa zabibu za Bonarda kule Mendoza, Argentina, au wa Fetească Neagră kule Moldova, hana foleni hiyo. Anauza kwa bei ya chini kwa kuwa wachache wanamuulizia. Hapo ndipo sisi wa Kisumu, Kakamega na Nakuru tunapopata mwanya.

Mwanya wenyewe una mtego: kati ya chupa zisizojulikana, nyingine hazijulikani kwa sababu hazifai. Dawa yake ni kulinganisha. Glasi moja ikiwa peke yake mezani haikuambii zaidi ya "nimeipenda" au "imenishinda". Weka mbili bega kwa bega, na hata mtu ambaye hajawahi kuonja ataanza kusema hii ni chachu zaidi, ile inakausha mdomo, hii inanukia mapera. Maelezo yanayofuata ni ya kufanikisha kulinganisha huko bila kutumia fedha za karo.

Hatua ya 1: Changeni

Fanyeni kama chama. Watu sita wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja, mna 6,000, yaani chupa nne za wastani wa 1,500. Chupa ya kawaida ni mililita 750. Kipimo cha kuonja ni mililita 50, karibu vijiko vitatu vya chakula, kwa hiyo watu sita watatumia mililita 300 na kubakiza zaidi ya nusu chupa ya kunywa na chakula. Watu kumi wanaweza kugawana chupa hizohizo bila shida.

Msishuke hadi chupa ya bei ya chini kabisa dukani. Ushuru wa bidhaa hapa Kenya haupimwi kwa ubora wa mvinyo. Hutozwa kwa kiasi cha kinywaji au kileo kilichomo. Chupa ya bei ya chini na ile iliyoizidi kidogo hulipa ushuru huo unaokaribiana, na gharama ya chupa tupu, kizibo na lori kutoka Mombasa ni ileile. Ukitoa hayo yote, kwenye chupa rahisi hubaki senti chache za mvinyo wenyewe. Ukiongeza shilingi mia tatu au nne, sehemu kubwa ya nyongeza inaingia ndani ya chupa. Baada ya kiwango fulani mambo hugeuka, unaanza kulipia jina. Kwa maoni yangu, eneo zuri la kuwinda ni kati ya 1,200 na 2,000.

Hatua ya 2: Fundisheni ulimi na pua kabla ya kununua

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Inagharimu limau, sukari na majani ya chai.

Andaa vikombe vinne. Cha kwanza ni maji na limau. Onja, meza, kisha inamisha kichwa kidogo: mate yatajaa pembeni mwa ulimi. Huo ndio uchachu. Cha pili ni strungi nzito ya majani ya Kericho, iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, ikapoa, bila sukari. Sikiliza fizi na ulimi vinavyokauka na kukwaruza. Huo ni ukakasi, unaoletwa na tanini, na kwenye mvinyo tanini hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ndiyo maana mwekundu, unaochachishwa pamoja na maganda yake, una ukakasi kuliko mweupe. Cha tatu ni maji na sukari. Cha nne ni limau na sukari pamoja, kiasi kilekile cha sukari uliyotia kwenye cha tatu. Utashangaa jinsi kinavyoonekana si kitamu sana. Uchachu huficha sukari na sukari huficha uchachu, na mtu asiyejua hilo atasema mvinyo fulani "hauna sukari" hali umejaa.

Ile picha ya ulimi uliogawanywa, utamu mbele na uchungu nyuma, iache. Ladha zote husikika ulimi mzima.

Sasa pua. Bana pua, tafuna kipande cha nanasi: utasikia utamu na uchachu tu. Achia pua, na nanasi linarudi. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya mdomo. Kwa hiyo Jumapili moja pitia soko la Kibuye (walio Nakuru waende Wakulima) mkanunue mapera, pasheni, ndimu, nanasi, pilipili hoho, zambarau zikiwa msimuni, mdalasini na karafuu. Kata kila kimoja, nusa ukiwa umefumba macho, taja jina. Vitabu vya mvinyo vya Ulaya vimejaa matunda ambayo wengi wetu hatujayaonja, na hakuna sababu ya kuyaazima. Ukisikia zambarau, andika zambarau.

Hatua ya 3: Chagueni chupa kwa swali

Msinunue chupa nne ovyo. Chagueni swali moja la jioni, na chupa zote ziwe za kulijibu. Haya mawili yanafaa kwa kuanzia.

Jioni ya mweupe: kwa nini mvinyo unaonukia tamu si lazima uwe mtamu?

Anzeni na Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Zabibu hii asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, lakini Afrika Kusini ndiyo inayopandwa kuliko nyingine yoyote, na kwa wingi huo bei hubaki ya kibinadamu. Nusa mapera. Hakuna aliyetia tunda humo. Hamira inapochachisha maji ya zabibu huzifungua harufu zilizokuwa zimefungika. Ni chupa rahisi kuipata Kisumu, na kama mtanunua moja tu kati ya zote ninazozitaja, nunueni hii.

Ya pili ni Torrontés ya Argentina. Eneo lake maarufu ni Cafayate, mkoani Salta, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwinuko usio mbali na wa mji wa Nakuru. Jua ni kali mchana, usiku baridi, na zabibu hubaki na uchachu wake. Inanukia waridi na asmini kiasi kwamba utaapa ni sharubati. Kisha unaionja, nayo mara nyingi ni kavu kabisa, yaani haina utamu wa sukari. Chupa hii peke yake inajibu swali la jioni.

Ya tatu, Vinho Verde kutoka kaskazini-magharibi mwa Ureno: nyepesi, kileo chake mara nyingi cha chini, na mara nyingine ina vipovu vidogo vinavyochoma ulimi. Kwa joto la Kisumu sijui mvinyo unaofaa zaidi saa nane mchana.

Ya nne iwe ya jirani. Leleshwa hutengenezwa kwa zabibu zilizolimwa Naivasha, ndani ya kaunti ya Nakuru, na jina lake ni la kile kichaka cha majani ya kijivu kinachojaa Bonde la Ufa. Ukikosa, tafuta mvinyo mweupe wa Dodoma. Huko Tanzania ya kati mzabibu hauna majira ya baridi ya kulala, kwa hiyo huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya halijui. Usitarajie ufanane na ile mingine. Uonje kama ulivyo, na kama haukupendezi, sema bila kuona haya. Uzalendo uachwe nje ya glasi.

Jioni ya mwekundu: ukakasi una viwango vingapi?

Pangeni kutoka laini hadi mkali. Bonarda ya Argentina ni laini, yenye matunda mengi. Imekaa miaka mingi kivulini mwa Malbec, zabibu nyekundu maarufu ya huko, ingawa imepandwa kwa wingi. Inafuata Carménère ya Chile, ambayo ina kisa chake. Ililetwa kutoka Bordeaux katika karne ya 19, ikachanganyika mashambani na Merlot, na Wachile wakaiuza kwa jina la Merlot mpaka 1994, Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitambua. Nusa pilipili hoho. Wengine huichukia harufu hiyo. Mimi naipenda ikiwa na nyama.

Kisha Pinotage, iliyozalishwa na Abraham Perold huko Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchavusha pamoja zabibu za Pinot Noir na Cinsaut. Ikitengenezwa vizuri ina matunda meusi na moshi kidogo. Ikiharibiwa inanukia mpira ulioungua. Jaribu zaidi ya mtengenezaji mmoja kabla ya kuihukumu.

Mwisho ni Tannat ya Uruguay au Saperavi ya Georgia, ukibahatika. Tannat ina ukakasi wa kukwangua. Saperavi ni nyekundu hadi ndani ya nyama ya tunda, na itapaka meno rangi. Georgia ndiko kulikopatikana masalia ya mvinyo ya takriban miaka 8,000 kwenye vyungu vya udongo, na hadi leo wapo wanaochachisha kwenye vyungu vikubwa vilivyofukiwa ardhini viitwavyo qvevri; UNESCO iliitambua mbinu hiyo mwaka 2013. Anayetoka kwenye boma lililowahi kuzika chungu cha busaa hatahitaji maelezo marefu.

Hizi za mwisho si za kila rafu. Muulize mwenye duka la vileo kama anaweza kuziagiza pamoja na mzigo wake kutoka Nairobi, au mtumeni anayesafiri. Zikikosekana, Montepulciano d'Abruzzo ya Italia au Garnacha ya Hispania zinashika nafasi vizuri.

Na wapenzi wa mvinyo mwekundu mtamu, ule ulioandikwa Natural Sweet, msijifiche. Leteni chupa moja iwe kipimo cha utamu, onjeni ya mwisho. Ikitangulia itazifanya kavu zote zionekane siki.

Hatua ya 4: Dukani

Joto ndilo adui. Chupa iliyosimama dirishani ikipigwa na jua la Oginga Odinga Street imeshapikwa, hata kama lebo inang'aa. Chukua ya nyuma, ya rafu ya chini. Tazama kizibo: kikiwa kimesukumwa juu, au kuna alama ya mchirizi, iache. Linganisha viwango vya mvinyo shingoni mwa chupa za aina moja, iliyopungua imevuja. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya ubahili, na kwa mvinyo wa kunywa mapema nakipendelea.

Angalia mwaka. Mvinyo mweupe wa bei hii haukutengenezwa uzeeke. Chukua wa miaka miwili au mitatu ya karibuni. Angalia kileo: asilimia 10 hadi 12 ni mwepesi, 14 na zaidi utauhisi kooni. Halafu kagua stempu ya KRA kwa programu ya simu iitwayo Soma Label. Bidhaa za magendo zipo, na nyingine zimejazwa usichokijua.

Hatua ya 5: Joto la mvinyo

Mafundi wa Ulaya husema mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba chao cha zamani kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Kisumu mchana hukaribia 30, na katika joto hilo mwekundu hunuka kileo tu, huku matunda yamepotea. Weka mwekundu kwenye friji nusu saa hadi dakika 40 kabla ya kuonja. Mweupe uupe saa mbili au tatu, kisha uutoe dakika 10 kabla, maana baridi kali hufunga harufu. Nakuru usiku wa Julai ni habari nyingine; mwekundu unaweza kukaa kabatini.

Umeme ukipotea, chukua ndoo, tia maji, barafu na konzi mbili za chumvi, zamisha chupa hadi shingoni kwa dakika 15. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda, hivyo maji hupoa kuliko barafu na maji matupu. Barafu ya wauza samaki inatosha, mradi isiguse kinywaji.

Hatua ya 6: Meza

Glasi za kioo kisicho na rangi, tumbo pana na mdomo uliobana kidogo. Si lazima zilingane kwa uzuri, ila zilingane kwa umbo. Karatasi nyeupe chini ya kila glasi. Kopo la kutemea. Maji. Kwa kusafisha mdomo, ugali mweupe uliopoa unashinda biskuti za dukani, kwa kuwa hauna chumvi wala sukari. Marashi yabaki nyumbani, na omena zisikaangwe mpaka kuonja kuishe.

Mmoja wenu afunge chupa kwa magazeti, azipe namba, anyamaze. Mwaka 1976 huko Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha majaji wa Kifaransa glasi zisizotajwa, na mvinyo wa California, ambao wakati huo wengi hawakuuhesabu, ukaongoza kwa mweupe na kwa mwekundu. Lebo ina sauti kubwa. Izimeni.

Hatua ya 7: Onjeni

Mimina kile kipimo cha mililita 50, glasi isijae zaidi ya theluthi. Zitazame glasi zote nne kwa pamoja juu ya karatasi. Mweupe uliogeuka hudhurungi umezeeka au umeingiwa na hewa.

Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha glasi ikiwa imekaa mezani, unuse tena. Dakika hii kila mtu aandike kimya. Anayeropoka "nanasi!" wa kwanza huwapandikizia wenzake nanasi, na zoezi limekufa.

Chukua funda dogo, lisambaze mdomo mzima, vuta hewa kidogo kupitia midomo. Itatoa mlio, vumilieni. Tema. Sasa jibu kwa kufuata kile mlichojifunza kwenye vikombe: mate yalijaa kiasi gani? Fizi zilikauka? Koo lilipata moto? Je, ni mwepesi kama maji au mzito kama maziwa? Kisha hesabu sekunde ambazo ladha njema inabaki. Ikiisha kabla ya tano, ni mvinyo wa kawaida. Ikifika kumi na zaidi kwa chupa ya 1,400, mmeokota.

Rudini glasi ya kwanza baada ya ya nne. Mara nyingi maoni hubadilika, na maoni ya pili ndiyo ya kuamini.

Kutema hakumdharau mwenyeji. Maonjo manne ya mililita 50 yakimezwa ni zaidi ya glasi kamili, kabla hamjakaa kula. Aliyekuja na gari na akameza, arudi kwa teksi. Alkoblo haziulizi ulikuwa unajifunza. Mjamzito, au aliye kwenye dozi kama Flagyl, anuse tu, na kunusa pekee kuna raha yake.

Harufu mbili zisiwapite. Katoni iliyonyeshewa maana yake kizibo kimeambukiza mvinyo. Haidhuru mwili lakini inaua matunda. Siki, au rangi ya kucha, maana yake umeharibika. Funga chupa, irudishe dukani na risiti siku inayofuata ikiwa bado imejaa. Muuzaji anayejua kazi yake atakubadilishia.

Hatua ya 8: Fungueni magazeti, andikeni

Kabla ya kufungua, kila mtu akadirie bei ya kila namba. Kisha funueni. Kelele zitakazofuata ndizo somo lenyewe. Andika jina, mwaka, bei, duka, na jibu la swali moja: ningeinunua tena kwa bei hii? Nyota na alama za mia waachieni waamuzi wa mashindano.

Hatua ya 9: Leteni chakula

Ngege wa kukaanga na limau anataka mvinyo mweupe wenye uchachu, kwani uchachu hukata mafuta. Chenin au Vinho Verde zinafanya kazi hiyo. Omena zina mafuta na chumvi, na hapo mwekundu wenye tanini nyingi huacha ladha ya chuma mdomoni. Epukeni.

Managu ndiyo mtihani. Uchungu wa mboga na ukakasi wa mvinyo hupandishana, kwa hiyo Tannat na managu ni ugomvi. Pikeni na maziwa au krimu kama ilivyo desturi, mpe Chenin nzito kidogo, na vinapatana. Kuku wa kienyeji wa mchuzi anaenda na Bonarda iliyopozwa. Nyama choma, hasa yenye mafuta na chumvi ya kutosha, hulainisha ukakasi. Hapa ndipo Tannat, Saperavi na Pinotage hulipa gharama zao. Ila kachumbari ikiwa na pilipili nyingi, mvinyo wenye kileo cha asilimia 14 utawasha moto maradufu. Wenye utamu kidogo utauzima. Mursik usiuoanishe na chochote. Unajitosha.

Kilichobaki, zibeni na kuweka kwenye friji, hata mwekundu. Mweupe utakaa siku tatu hivi, mwekundu wenye tanini pengine nne, mvinyo wa boksi wiki kadhaa kwa kuwa mfuko wake hunywea bila kuingiza hewa. Ukianza kuchosha, mwekundu uutie kwenye mchuzi wa ng'ombe mapema, uchemke robo saa kileo kipungue, ila usiuache ulale kwenye sufuria ya alumini. Uchachu wake hula madini na mchuzi utaonja bati.